Injini ya 22R: reli za chuma, hedi iliyopinda na kabureta niliyoinunua kwa pupa

Pikapu yangu ni Hilux ya 1989, injini ya 22R ya kabureta, na kwa karibu mwaka mzima kila asubuhi ilikuwa ikinipigia kelele. Nikiwasha tu, mbele ya injini unatoka mlio kama wa makopo yanayoburutwa, sekunde tatu nne hivi, kisha kimya. Nilijiambia ni uzee. Mlio ukikatika wenyewe, mtu husahau mpaka kesho yake.

Ulikuwa mlio wa cheni ya taimingi, ile inayounganisha krankshafti ya chini, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti ya juu inayofungua vali. Kwenye 22R za mwanzo cheni ilikuwa ya safu mbili. Hizi za baadaye zina safu moja, na pembeni kuna reli mbili zinazoishika isicheze. Kinachoikaza ni tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Gari likilala, oili yote inashuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Ukiwasha, kabla presha haijapanda, cheni inakuwa imelegea na inachapa reli ya upande wa pili. Reli za asili ni za plastiki. Zikichapwa miaka na miaka, tena ndani ya oili isiyobadilishwa kwa wakati (hapo najisema mwenyewe), zinakatika. Reli ikishaanguka, cheni inaanza kusugua kifuniko cha taimingi. Kifuniko ni cha aluminiamu, na nyuma ya hiyo aluminiamu kuna njia ya maji. Yaani umejiwekea msumeno ndani ya injini.

Nilikuja kushtuka maji ya rejeta yalipoanza kupungua bila kuvuja popote, na fimbo ya kupimia oili ikatoka na rangi ya maziwa. Nikafungua. Vipande vya plastiki vilikuwa vimetulia chini ya sampu, na kwenye kifuniko kulikuwa na mfereji wa kuingiza ncha ya kidole.

Nilinunua seti kamili: cheni, gia zake mbili, tenshena, na reli zilizotiwa bamba la chuma kwa nyuma, pamoja na kifuniko kipya. Kuna seti za kubadilisha kurudi safu mbili, nikaziacha. Kwa gari la kubeba mizigo ya kawaida, safu moja yenye reli imara inatosha. Ukiipokea seti yako, jambo la kwanza chukua sumaku uiguse reli. Mimi niliagiza mara mbili. Ile ya kwanza iliandikwa chuma kwenye boksi, lakini sumaku haikushika kitu, nikairudisha.

Kuifungua hedi, yaani sehemu ya juu ya injini yenye vali, nako kuna mtego ambao ningeshukuru kama mtu angeniambia mapema. Bolti kubwa zote kumi zilikuwa nje, nami nikakaa nusu saa nzima nainyanyua hedi kwa mtaimbo, haitoki. Mbele kabisa, mbele ya gia ya kamshafti, pana kishimo kilichojaa oili. Chini ya oili hiyo imejificha bolti ndogo inayoshika hedi na kifuniko cha taimingi. Nyonya oili kwa kitambaa, utaiona. Ukitumia nguvu kabla ya kuitoa unavunja kifuniko, na mimi nilinusurika kwa sababu tu mtaimbo ulikuwa mfupi.

Karakana ya kuchonga ndiyo sehemu ya hadithi hii ninayoweza kuisifu na kuilalamikia kwa pumzi moja. Niliwapelekea hedi na bloku nikiwa na mipango mikubwa: kurebo silinda (kuzichonga ziwe pana zaidi), pistoni za saizi ya juu kwa milimita 0.50, nipate nguvu zaidi. Mzee wa pale alipima kila silinda sehemu tatu, juu, kati na chini, kisha akapima tena kwa kukatisha. Akaniambia ulaji haujafika popote, silinda bado ziko karibu na zile milimita 92 za kiwandani. “Ukizila leo, kesho utakula nini?” Akakataa kurebo. Akazisugua tu silinda, kazi wanayoiita honi, kuacha ile mikwaruzo ya kukatizana inayoshika oili ukutani, na kunishauri ringi mpya. Fundi aliyekataa kazi ya kumwingizia pesa hujakutana naye mara nyingi.

Hedi ilikuwa hadithi nyingine. Aliweka rula ya chuma juu yake, akapitisha fila chini, ile bati nyembamba ya kupimia nafasi: milimita 0.18. Mwisho unaoruhusiwa kwa injini hii ni milimita 0.15, kwa hiyo ikaskimiwa, yaani uso wake ukachongwa uwe sawa. Kabla ya hapo waliijaribu kwa presha ndani ya maji ya moto kutafuta nyufa, na hatua hiyo msiiruke hata kama mnaharakishwa, maana hedi ya aluminiamu iliyowahi kuchemsha inaweza kuonekana nzima kwa macho. Wakasaga viti vya vali, wakabadilisha sili zake. Halafu akanieleza kitu ambacho sikuwa nimekiwaza: ukiskimu hedi, kamshafti inasogea chini kuelekea krankshafti, cheni inapata ulegevu kidogo na vali zinachelewa kidogo kufunguka. Kwa vipande vidogo vya milimita injini haitagomba. Lakini hedi iliyoskimiwa mara tatu na wamiliki watatu ni habari nyingine, ndiyo maana ukinunua hedi ya mtumba uliza unene wake kabla ya bei.

Lalamiko langu ni usafi. Hedi ilirudi inang'aa kama mpya kwa sababu walikuwa wameipuliza kwa mchanga. Nilipopitisha waya kwenye njia za oili, ukatoka na chembe. Hizo chembe zingefika kwenye kamshafti na beringi, na ndani ya siku chache kazi yote ingekuwa imesagwa. Nikairudisha. Walioisafisha hawakubisha, wakaipiga upepo na kuiosha upya, lakini hawakuomba radhi pia. Ya pili nayo nikaipitishia waya, ilikuwa safi.

Kufunga nilifunga mwenyewe. Bolti za hedi kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda nje, mwisho Nm 78 kwa spana ya torki. Ile bolti ndogo iliyojificha haifungwi kwa nguvu hizo, ni ya kukaza kwa mkono mwepesi. Tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya vali, niliziseti injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 vali za kuingiza, 0.30 za kutoa moshi. Nikarudia baada ya kilomita elfu moja, na mbili zilikuwa zimebana.

Sasa kabureta. Wakati huo huo nilikuwa nimenunua Weber 32/36, kwa sababu ile ya asili ilikuwa imezungukwa na mipira ya vakyumu hata sikumbuki ipi inakwenda wapi. Hii ina midomo miwili: wa milimita 32 unafunguka kwanza, wa 36 unafuata ukikanyaga zaidi. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za aibu. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, gari linakwama pale mdomo wa pili unapoanza, na petroli inakwisha kama imemwagwa. Nilibadilisha jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, nikazirudisha, nikalaumu kabureta. Kosa lilikuwa langu: skrubu za bamba linaloiunganisha na manifoldi zilikuwa zimelegea, hewa inavutwa pembeni. Niliifungua, nikazikaza tena kwa gundi ya nyuzi, ikatulia siku hiyo hiyo.

Je, imeongeza nguvu? Kidogo, kwenye mizunguko ya kati, hasa ukiwa na mzigo kwenye mlima. Eksozi na kamshafti ni zile zile, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukibadilisha kabureta unapata injini nyingine. Petroli inakula zaidi kuliko zamani. Na kama magari hupimwa moshi unakoishi, uliza kwanza, maana kung'oa mipira ile ya vakyumu kunaweza kukufelisha.

Nimetembea kilomita elfu kumi na moja tangu hapo. Asubuhi inawaka kimya, na rejeta sijaiongeza maji. Seti ya cheni ningeinunua tena bila kufikiri. Karakana ningerudi, nikiwa na waya mfukoni. Weber nimeiacha kwa sasa, lakini kabureta ya zamani bado ninayo imelowekwa kwenye ndoo ya mafuta ya taa, na nikipata diaframu yake nitairudisha nione.