Dumu langu la mkojo lilivyoanikwa juani

Kituo nilikopeleka mkojo kupimwa sikitaji. Wa Mtwara mjini mtakitambua kwa dirisha lake kubwa linalopigwa jua tangu asubuhi, na kwa binti anayekaa hapo.

Miguu ilikuwa inanichoma. Usiku nyayo kama nimekanyaga makaa, mchana ganzi, kandambili zinavuka zenyewe nisijue. Nilikuwa kwenye dozi ya kifua kikuu, na daktari akanieleza kwamba isoniazidi, moja ya dawa zile, huikamata vitamini B6 mwilini ikatoka nayo kwa njia ya mkojo. Akataka nipimwe masalia ya hiyo vitamini, asidi ya piridoksiki, kwenye mkojo wa saa 24. Unautoa hapa, unasafirishwa Dar.

Kijana wa maabara aliyenipa dumu, Mungu amlipe. Alinielekeza kama anaongea na baba yake. Mkojo wa kwanza wa asubuhi mwaga. Kuanzia hapo usipoteze hata tone mpaka ule wa kwanza wa kesho yake. Humo chini mna asidi kidogo, kojolea kwenye kopo kwanza, ndiyo umimine. Weka kwenye baridi. Na mwanga, mzee, mwanga usiufikie kabisa, vitamini hizi jua linaziharibu.

Nikatii. Kwangu Mikindani friji sina, anayo jirani muuza ukwaju. Dumu langu, foili ndani, kanga ya mke wangu juu, likalala katikati ya chupa za biashara. (Tulikubaliana nisimtaje, sijamtaja.) Siku hiyo hata mazishini sikwenda, naogopa kubanwa njiani nikaharibu hesabu nzima.

Asubuhi nikapanda bajaji, dumu mapajani. Nafika dirishani, yule binti hata shikamoo hana, macho kwenye simu. Akalivuta dumu, akaivua kanga, akachana foili, akaliinua juu watu wote waone.

"Mzee, huu wote wako? Ulikunywa kisima?"

Benchi zima likacheka. Mama mmoja akajiziba mdomo kwa mtandio. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka nao.

Halafu akaliweka pale dirishani, juani! Nikamwambia, binti yangu, hilo halitakiwi mwanga. "Tulia mzee, kazi yangu naijua." Nikakaa karibu saa nzima nautazama mkojo wangu ukiota jua, unang'aa kama juisi ya pasheni, mpaka yule kijana alipotokea. Hakusema neno. Alivua koti lake jeupe, akalifunika dumu, akaingia nalo ndani.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Masalia yako chini. Nikaandikiwa piridoksini, yaani hiyo hiyo vitamini B6, na sasa miguu imepoa, nikikanyaga mchanga nausikia. Hapo nilitaka kuwasifu, kusema kweli. Kipimo kimenisaidia.

Au hakikunisaidia? Maana nikilala nawaza: yalikuwa chini kwa sababu mwili umepungukiwa, au jua la dirishani lilishayala? Nani ataniambia? Na juzijuzi nesi wa kliniki akanimaliza kabisa: wagonjwa wengi hupewa piridoksini pamoja na isoniazidi tangu mwanzo, kuzuia ganzi hiyohiyo, bila kupimwa mkojo wowote. Vidonge vyenyewe bei yake si ya kutisha. Mimi nimelipia kipimo, nimekosa mazishi, nimechekwa na benchi zima.

Kwa yule kijana ningerudi hata kesho. Kwa lile dirisha, ng'o.

Na kanga yetu irudishwe. Ilibaki hapo kaunta, na mke wangu anaiulizia kila siku, maana ni ya doti na mwenzake yuko kabatini peke yake.