TAHADHARI: jamaa wa Mwanjelwa, Mbeya, anayeuza "mota ya kusaidia injini", msimpe hata mia

Wakuu naandika nikiwa na hasira halafu na aibu juu yake, mnaotaka kucheka chekeni tu. Gari yangu ni Toyota Starlet, kile kigari kidogo.

Kwanza msiseme nilikuwa na tamaa. Starlet inavuta kwa matairi ya mbele, ya nyuma yapo yapo tu yanaburuzwa, nikasema nifunge mota ya umeme kule nyuma inipe kamsukumo kwenye mlima. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, kiinjini cha cc 1,300 kisicho na turbo kinapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake hata kabla hujapakia mtu. Na sio kwamba nimejitungia, Honda walitoa Insight mwaka 1999, injini cc 995 na mota ya kilowati 10 tu pembeni yake, na gari ilitembea. Sasa mtu anapokwambia ana mota ya kilowati 10, volti 72, betri ya lithiamu Ah 100 (kipimo cha chaji inayobeba), kontrola ya kuendesha mota na waya zote kwa milioni 2 na laki 8, we ungefanyaje?

Nikaenda. Kanipokea vizuri mno, ugonile kaka, kiti kikafutwa, soda ikaagizwa. Mota kaibana kwenye jiliwa pale mezani, kaunga waya, kaminya swichi, vuuuuuuu! Meza inatetemeka, bisibisi zinadondoka chini, akanipa kitambaa eti gusa shafti uone, nikagusa kikanyofolewa mkononi, wote tukacheka. Kachukua mita kapima betri mbele ya macho yangu, volti 82, yaani imejaa. Mi nikaona kwisha habari. Halafu betri wakaibeba yeye na dogo wake, wawili, wanaguna, "pisha pisha kaka, hii nzito itakuvunja mgongo", wakaiweka kwenye buti wenyewe. Yaani mimi nikawashikia mlango! Nikatuma hela hapohapo kwa simu, ile hela ya viazi, na ya kutolea nikaongeza. Akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa. Ndaga fijo!

Dogo akaja kufunga nyumbani siku mbili. Jumamosi nikatoka Uyole kupandisha Isyonje, shemeji yenu pembeni, nimemwambia leo utaona gari inavyopaa. Pale mlima unapokaza nikaminya swichi. Ikavuma, nikahisi kama inasukuma, labda dakika mbili, halafu harufu ya plastiki, halafu kimya, na sasa injini inabeba mlima na machuma yake yote ya nyuma. Gia namba moja, moshi, Fuso la viazi likanipita, utingo akanipungia mkono. Shemeji yenu hajasema kitu mpaka leo na hiyo ndo inaniuma.

Kufungua boksi la betri, nimelinyanyua peke yangu kwa mkono mmoja. Ndani seli ndogo zile za laptop, nimehesabu 40, nyingine zina kutu, na chini mifuko ya nailoni ya mchanga. MCHANGA. Kwenye kontrola nikabandua stika ya kilowati 10, chini yake imeandikwa 72V 30A. Zidisha mwenyewe, wati 2,160, farasi watatu hawafiki.

Huyu mtu asiishie kulala ndani usiku mmoja. RB ya polisi nimechukua, simu hapokei, lakini mi nataka abebeshwe lile boksi kichwani kutoka Kabwe mpaka juu mlima Loleza, mchana, watu wanaangalia, na dogo wake awe nyuma anaguna vilevile alivyoguna siku ile. Akifika juu ashuke tena, eti mota ameisahau chini.

Mnaoniuliza inbox nilitakiwa kuona nini, sijui, vitu vingi. Mota isiyo na mzigo hata ya feni inazunguka kwa fujo. Volti zinaonyesha betri ina chaji, hazikwambii inabeba kiasi gani, angeiwekea mzigo hapo ndo ingejulikana. Kilowati 10 kwa volti 72 ni karibu ampea 140, na waya zake nyembamba kama za soketi ya sebuleni, nilizishika kabisa nikaona ni safi. Seli za kweli za Ah 100 moja ina kama kilo mbili na zinahitajika 24, pigeni hesabu, halafu inueni wenyewe bwana, msishikie mtu mlango.

Leo asubuhi kaposti tena. Meza ileile, jiliwa lilelile, kitambaa changu kinaonekana pembeni kimechanika. Bei sasa milioni 3 na laki 2.