Stata tatu za Hilux yangu ya 3L, na ile niliyobaki nayo

Pikapu yangu ni Hilux ya injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, namba zake bado zinaanza na KA. Kazi yake ni moja: kutoa viazi Molo na kuviteremsha Nakuru kupitia Njoro, siku tatu kwa wiki. Ni gari zee lakini halina kiburi. Mpaka asubuhi moja ya mwezi wa tano, saa kumi na moja, magunia yameshapangwa, nikageuza ufunguo nikasikia tik. Nikageuza tena. Tik. Honi inalia, taa zinawaka vizuri, injini haijasogea hata kidogo.

Vijana waliokuwa wakipakia walisukuma, nikaachia klachi kwenye gia ya pili, likawaka. Wiki mbili zilizofuata niliishi maisha ya kutafuta mteremko. Mteja akinikaribisha chai, kwanza naangalia uwanja wake umeinamia wapi. Siku nyingine niliingia chini ya gari na spana ya gurudumu nikaigonga stata, ile mota ya umeme inayowasha injini, mgongoni, nayo ikashtuka na kuzungusha injini kana kwamba haijawahi kugoma. Wenye Toyota za zamani wanaujua mchezo huo.

Fundi wangu wa Molo aliitoa, akaigeuza mkononi mara moja, akasema, "Mama, hii imekufa. Tafuta nyingine." Hakuifungua. Akaniandikia "3L" kwenye kipande cha karatasi ya sigara, nikapanda matatu hadi Nakuru. Stata yenyewe niliiacha nyumbani ikizuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Kosa langu la kwanza ndilo hilo: kwenda kununua spea bila kubeba ile ya zamani.

Dukani nilionyeshwa mpya, ndani ya boksi jeupe lisilo na jina la kampuni. Shilingi 8,500. Inang'aa kama sufuria ya harusi. Kwenye mwili wake imeandikwa 12V tu, nguvu haikutajwa. Sikujua wakati huo kwamba hapo ndipo pa kuangalia. Muuzaji alisema ningekuja na ile mbovu angenipunguzia 500 na kubaki nayo. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeisahau.

Ilifungwa, bolti mbili na waya, ikawasha kwa mlio mwembamba wa kupendeza. Mwezi mzima nilikuwa nawaambia watu nimepona. Halafu ukaja mwezi wa saba. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na baridi ya Julai si ya kusimuliwa. Oili inakuwa nzito kama uji uliolala. Injini ya dizeli inabana hewa zaidi ya mara 20, wakati ya petroli inabana kama mara 9 au 10, kwa hiyo stata ya dizeli inafanya kazi ya punda. Ile mpya ikaanza kuvuta pole pole, siku baada ya siku, hadi asubuhi ya wiki ya saba nikasikia harufu ya vanishi inayoungua na kuona uzi wa moshi ukitoka chini ya boneti.

Nikarudi dukani. "Spea za umeme hazina waranti, mama. Pengine betri yako ndiyo mbovu." Nilijua anataka tu nitoke mlangoni, na nilitoka nimenuna. Lakini nitasema ukweli: kwa hilo la pili hakuwa mbali sana na jibu, ijapokuwa hakulijua.

Safari ya pili nilikuwa nimeerevuka. Nilibeba stata ya zamani ndani ya gunia, nikaenda kwa wauza spea zilizotumika kutoka Japani. Kabla ya kuuliza bei nikamtafuta fundi wa waya, kijana wa jua kali anayefanya kazi za stata na altaneta (ile ya kuchaji betri) peke yake, nikamlipa 500 anisindikize. Kati ya pesa zote nilizotumia, hizo 500 ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi.

Ya kwanza kupewa ilifanana na yangu kila kitu: umbo, matundu ya bolti, hata rangi ya kutu. Fundi akafuta lebo kwa kidole. 24V. Ilitoka kwenye lori. Gari langu ni la volti 12, kwa hiyo ingezunguka kwa uvivu na mimi ningeendelea kulaumu betri. (Ukifanya kinyume, ukafunga ya 12 kwenye lori la 24, utaichoma.) Ya pili ilikuwa sahihi: 12V, nguvu 2.0kW, meno 11 kwenye gia yake ndogo. Tuliyahesabu mara mbili, tukalinganisha na yale ya stata iliyokuwa kwenye gunia, maana meno yakitofautiana utasaga meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo stata hulizungusha, na kuyabadilisha hayo lazima gia boksi ishuke. Bei 13,000, na siku saba za kujaribu.

Muuzaji akaiweka chini, akaikanyaga, akagusisha waya za betri. Ikaruka na kupiga kelele ya kutisha. Mimi tayari mkono uko mfukoni.

Fundi akacheka. "Hiyo si mtihani, mama. Hata mimi bila mzigo nakimbia." Kisha akauliza, "Na hiyo ya gunia ina nini?"

Nikamwambia imekufa. "Nani aliifungua?"

Hakuna.

Tukarudi kibandani kwake. Kwenye ubavu wa stata yangu, chini ya grisi iliyokauka, kulikuwa na jina NIPPONDENSO. Kampuni hiyo ilibadilisha jina ikawa Denso mwaka 1996, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa stata hiyo ilizaliwa pamoja na gari. Akafungua kifuniko cha mviringo cha nyuma, skrubu tatu tu, akachomoa mchi wa solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata. Ndani mna vipande viwili vya shaba, na mchi unapovutwa unaviunganisha ili moto wa betri upite kwenda kwenye mota. Kimoja kilikuwa bado kinene. Cha pili kilikuwa kimelika upande mmoja hadi kuwa kama ukucha, cheusi, na mchi haukifikii tena. Ile tik niliyokuwa nasikia ni mchi ukigonga bila kugusa shaba. Ndiyo maana kuigonga mgongoni kulisaidia.

Alibadilisha vipande vyote viwili, mchi, na kaboni, zile zinazopeleka moto kwenye sehemu ya mota inayozunguka, ambazo zilikuwa zimebaki fupi. Akasafisha meno ya kupunguzia mwendo, akatia grisi mpya. Shilingi 2,700, kazi na spea, na nilikaa hapo nikimtazama kwa muda wa chai mbili.

Tulipoifunga iliwasha, lakini kwa uzito. Nilivunjika moyo. Yeye akachukua mita. Betri ikiwa imetulia, 12.6. Nikapiga stata, betri ikashuka hadi 10.4, ambayo alisema si mbaya. Akahamisha mita hadi kwenye stata yenyewe: 8.7. Volti 1.7 zilikuwa zinapotelea njiani. Waya mnene wa chanya ulikuwa umeota ukungu wa kijani ndani ya plastiki karibu na betri, na athi, waya wa kurudisha moto, ya kutoka injini hadi chesisi imebakiza nyuzi chache kama ufagio wa zamani. Stata ya dizeli inavuta zaidi ya ampea 200. Kwenye waya kama huo, moto unaishia kuupasha waya. Waya mpya mbili na vichwa vyake, 1,900. Baada ya hapo upotevu ukawa chini ya nusu volti, na injini ikawa inazunguka kama ya kijana.

Kwa hiyo ile ya boksi jeupe siwezi kuibebesha lawama zote. Ilikuwa dhaifu, hilo fundi alilionyesha alipoifungua: waya wa ndani mwembamba, kaboni kama kipande cha chaki. Lakini pia mimi niliilisha moto wa 8.7 katika baridi ya Julai. Hata ya Japani ya 13,000 ingepata shida ileile, na siku saba za kujaribu zingeisha kabla sijajua. Ningelazimika kununua leo, ningechukua hiyo ya Japani yenye lebo inayosomeka kabla ya ile mpya isiyotaja nguvu yake. Ila kwanza ningeifungua niliyo nayo, na kuipima waya.

Sasa ni miezi minane. Inawasha saa kumi na moja alfajiri, mzigo mgongoni, mguso mmoja. Kitu kimoja tu: wakati mwingine inalia krrr mara moja halafu inashika. Fundi alimulika tochi akaona meno ya flaiwili yamelika sehemu moja. Injini ya silinda nne ikizimwa hupenda kusimama palepale, na stata huingia palepale kila siku. Dawa ni kushusha gia boksi, na mwezi wa kuvuna siwezi kuliweka gari chini. Akaniambia ikilia hivyo niweke gia ya nne, nilisukume gari kidogo tu ili flaiwili isogee, kisha nijaribu tena. Mpaka leo nimefanya hivyo mara mbili.