Programu nzuri ya kusanifu, mbovu ya kutunza kazi

Hii ni programu ya kusanifu inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ya kulipia kila mwezi, na dukani kwetu ndiyo tunayoifungua asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Jina lake naliacha kando kwa sababu kasoro ninayoieleza nimeikuta pia kwa wenzake, na ninayetaka anisome ni mtu mwenye ofisi ndogo ya uchapaji anayefikiria kuhamishia kazi zake zote huko. Msimamo wangu nauweka mapema: kwa kutengeneza kazi, inastahili nyota tano, kwa kuitunza kazi ikishakamilika, inastahili moja. Na sisi tunaoishi kwa wateja wanaorudi, hiyo moja inatugharimu sana.

Duka letu liko Mwanza, si mbali na Makoroboi. Tunachapa kadi za harusi na za michango, vipeperushi vya mikutano ya injili, vyeti vya mahafali ya chekechea, mabango ya saluni, na zaidi ya yote lebo za wajasiriamali: dagaa, asali, unga wa lishe, sabuni za maji. Kadi ya harusi kazi yake inaisha harusi ikipita. Lebo ya dagaa inarudi kila mzigo mpya unapofungashwa, na kila inaporudi kuna kitu kimebadilika: tarehe, namba ya simu, uzito, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Kwa hiyo faili la mwaka jana kwetu ni mali, kama ilivyo plota, mashine yetu kubwa ya kuchapia.

Haki yake naipa kwanza. Maandishi yananyooka, rangi za kila mteja zinakaa tayari pembeni, ile ziada ya kukatia ya milimita 3 kuzunguka kadi inawekwa kwa kubonyeza mara moja, na PDF inayotoka inaingia kwenye mashine bila tatizo. Kubwa zaidi ni kufanya kazi na mteja akiwa mbali. Kamati ya harusi ikiwa kwenye kikao chake Nyegezi jioni, natuma kiungo kwenye kundi lao la WhatsApp. Mwenyekiti anafungua kwa simu, anaandika maoni pale pale juu ya kadi kwamba jina la baba mzazi limekosewa, nami narekebisha huku wote wanaangalia. Zamani hiyo ilikuwa safari ya bodaboda na karatasi ya mfano mkononi. Kwa hilo peke yake sijutii kulipia.

Tatizo linaanza kazi ikishakwisha. Programu inakuruhusu kutengeneza folda, ila folda ndani ya folda haipo. Ngazi ni moja tu. Chukua harusi moja ya kawaida: kuna kadi ya mchango, kadi ya sendofu, kadi ya harusi yenyewe ya mtu mmoja na ya wawili, ratiba ya ukumbini, bango la mlangoni na stika za chupa za maji. Mteja mmoja, kundi zima la mafaili. Mpangilio unaoingia akilini ni mwaka, ndani yake harusi, ndani yake jina la familia. Hapa huwezi. Ama unafungua folda moja ya Harusi na kumwaga humo kila mtu, wa Igoma juu ya wa Kirumba. Ama kila harusi unaipa folda yake, na orodha ya pembeni inarefuka hadi kidole kinachoka kuzungusha gurudumu la kipanya. Na orodha hiyo haifuati alfabeti. Inafuata folda ipi ilitengenezwa karibuni, hivyo mteja wako wa siku nyingi, yule wa kuaminika, ndiye aliye chini kabisa.

Hivi karibuni alikuja mama mmoja wa dagaa. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akaweka kipochi juu ya kaunta, akasema, "Mwanangu, nitolee zile lebo zangu za nusu kilo. Zile za mwisho, zenye alama ya TBS." Nikaandika "dagaa" kwenye kisanduku cha kutafutia. Skrini ikajaa picha ndogo za lebo, zote bluu, zote na samaki mweupe katikati. Uzito ulioandikwa chini ya samaki hausomeki kwa ukubwa ule. Bakodi haisomeki. Jina la faili linakatwa baada ya herufi chache, kwa hiyo ya gramu 250 na ya gramu 500 zote zinaonyesha "Lebo dagaa gra" kisha nukta tatu. Tarehe iliyo chini yake ni ya mara ya mwisho faili kuguswa. Ukilifungua tu na kusogeza mstari kwa bahati mbaya, tarehe inabadilika kuwa ya leo. Ikabidi nifungue moja baada ya jingine, kila moja lichukue muda wake kupakia, mama amesimama, na nyuma yake mwanafunzi anasubiri kutoa kopi ya cheti.

"Kwani hujaziweka pamoja?" akaniuliza. Nilikuwa nimeziweka pamoja. Ndiyo maana zilikuwa zinafanana.

Kwa lebo, kuchukua faili lisilo lenyewe si suala la urembo. Namba za bakodi zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620, na kila uzito una namba yake. Robo kilo haitumii namba ya nusu kilo. Lebo ya nusu kilo ikitoka na namba ya robo, mashine ya supamaketi itasoma bei ya robo, na mjasiriamali atarudishiwa mzigo pamoja na maneno. Programu inayouzwa kwa ofisi za kazi ilipaswa kunipa mahali pa kuandika, nje ya mchoro wenyewe, kwamba faili hili ni la nani, ni toleo la ngapi, na lilichapwa lini. Haina. Haina hata alama za rangi za kubandika juu ya faili, jambo ambalo kompyuta za Apple zinalo kwa miaka na miaka.

Nakala nazo ni shida ya peke yake. Ukinakili faili, programu inaweka neno la nakala mbele ya jina, si nyuma. Sasa panga mafaili kwa alfabeti uone: nakala zote za duka zima zinajikusanya herufi moja, ya saluni, ya kanisa, ya asali, mbali na mafaili zilikotoka. Nakala ya nakala inapata neno hilo mara mbili, na jina la mteja linasukumwa nje ya sehemu inayosomeka. Kulirekebisha jina ni faili moja baada ya jingine. Kuhamisha pia ni faili moja baada ya jingine: vinukta vitatu, hamisha, tafuta folda kwenye ile orodha isiyo na alfabeti, thibitisha, rudi mwanzo. Kuchagua mafaili ishirini kwa mkupuo na kuyasogeza, kitu ambacho mtoto wa shule anakifanya kwenye Windows, hapa hakipo.

Nikasema basi nipakue kila kitu nikipange mwenyewe kwenye diski. Bando likaondoka, zip ikaja, na nilipoifungua folda zangu zilikuwa zimepotea. Mafaili yote yamelala kwenye orodha moja, na yale yenye majina yanayofanana yamewekewa (1), (2), (3) kwa utaratibu ambao sikuutambua.

Kinachonikera zaidi ni kwamba njia hii wengine wamekwisha kuipita. MS-DOS ya kwanza, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa 1981, haikuwa na folda ndani ya folda. Diski laini ilibeba mafaili machache na orodha moja ilitosha. IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT mwaka 1983 ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10, orodha moja haikufaa tena, na MS-DOS 2.0 ya mwaka huohuo ikaleta folda za ndani. Macintosh, kompyuta ya Apple ya 1984, ilionyesha folda kwenye skrini, lakini ndani ya diski mafaili yote yalikuwa orodha moja, kiasi kwamba mafaili mawili hayakuweza kuwa na jina moja kwenye diski hata kama macho yaliyaona kwenye folda tofauti. Mwaka 1985 Apple ikaleta mfumo wa kupanga mafaili uitwao HFS, na folda zikawa folda kweli. Watu hao walisukumwa na megabaiti 10. Mimi, picha moja tu ya maharusi ninayoletewa na mpiga picha inakaribia ukubwa huo.

Ninaelewa kwamba kwenye mtandao folda si droo. Faili ni mstari kwenye hifadhidata, na folda ni jina lililounganishwa na mstari huo. Kuipa folda folda nyingine juu yake si kazi kubwa. Kazi iko kwenye ruhusa. Nikimfungulia mteja folda ya juu, aone na zilizo ndani? Nikiitoa moja na kuiweka kwingine, ruhusa yake iende nayo au ibaki? Ni maswali ya haki kabisa. Lakini yana majibu. Google Drive, iliyoanza 2012, ina folda ndani ya folda, na ruhusa ya folda ya juu inashuka hadi za chini. Anayetaka kuiga ana pa kuangalia.

Wapo watakaosema siku hizi hakuna haja ya kupanga, unatafuta tu. Gmail ilikuja na wazo hilo 2004, lebo za kubandika kwenye barua na kutafuta badala ya folda, na kwa barua pepe linafaa, kwa sababu barua imejaa maneno. Mimi ningeikubali hoja hiyo kama kisanduku cha kutafutia kingesoma yaliyoandikwa ndani ya kazi. Kadi ya harusi ina majina ya wazazi wanne, ukumbi, kanisa na tarehe; ningeandika jina la bibi harusi na ingekuja. Kisanduku hiki kinasoma jina la faili peke yake. Faili usipolipatia jina siku ile ulipolianza, linabaki "Kazi isiyo na jina", na utafutaji hautalipata kamwe.

Kuna jambo moja watu hawalifikirii hadi liwakute: mwenye faili ni nani. Kijana aliyekuwa nasi dukani alipopata kazi Dodoma, kazi zote alizoanzisha zilikuwa kwenye rasimu za akaunti yake, wala si za duka. Aliondoka vizuri, akakaa na sisi jioni nzima kuzihamisha moja moja, namshukuru sana. Angeondoka kwa ugomvi, lebo za wateja zingeondoka naye. Ukiajiri mtu, hakikisha kazi inaanzishwa ndani ya folda ya ofisi tangu mstari wa kwanza.

Nimewaandikia wenye programu. Wakajibu kwa heshima kwamba ombi limepokelewa na liko kwenye orodha. Toleo lililofuata likaleta fonti mpya na kitufe cha kufuta mandhari ya nyuma ya picha. Nimevitumia, vinafanya kazi. Havinisaidii mama wa dagaa akisimama kaunta.

Tunavyoishi nayo kwa sasa ni hivi. Kila faili linapata jina kabla ya kuchorwa chochote: mwaka, mwezi, siku, kisha mteja, kazi, uzito au ukubwa, na toleo. Kwa mfano 2025-06-14 DAGAA LEBO 500g v03. Mwaka unatangulia kwa sababu kompyuta inapanga herufi kwa herufi kutoka kushoto. Ukianza na siku, tarehe 14 Juni itakaa karibu na 14 Januari ya mwaka mwingine. Sifuri ya mbele kwenye v03 ina sababu hiyohiyo, maana bila sifuri v10 inaweza kukaa juu ya v2. Usitumie mkwaju (/) kwenye tarehe wala nukta mbili (:) kwenye muda, Windows haikubali alama hizo katika jina la faili. Na kwa kuwa programu inakata majina marefu, kwenye lebo tumeanza kuandika uzito kwa herufi kubwa pembeni mwa mchoro, nje ya eneo la kukata, ili uonekane hata kwenye picha ndogo. Hiyo imetuokoa kuliko kitu chochote walichotupa wao.

Kazi ikishachapwa, PDF yake inashuka kwenye diski ya nje, ndani ya mwaka, ndani ya mteja, ndani ya kazi. Diski ya pili iko nyumbani. Inachukua muda ambao nimeshaulipia kwao.

Ukiwa unaijaribu programu yoyote ya aina hii, kabla ya kutoa kadi ya benki, tengeneza mafaili matano ya uongo na ufanye haya: yahamishe yote kwa pamoja, weka folda ndani ya folda, tafuta neno lililo ndani ya mchoro, kisha pakua vyote uone vinarudi na sura gani. Ni jioni moja tu, na hakuna tangazo lao litakalokueleza hayo.

Mwezi huu nimelipia. Wamenitumia ofa ya mwaka mzima kwa bei nafuu, na sitaichukua mpaka nione folda za ndani na kuhamisha kwa mkupuo. Hayo mawili yakija, nyota ile moja nitaibadilisha, na lebo zote za wateja zitarudi humo.