Programu za akili mnemba kwa barua za maktaba: naziamini kuhariri, siziamini kuandika

Watu wakisikia mtu anafanya kazi maktaba ya chuo hudhani siku nzima anapanga vitabu. Sehemu kubwa ya siku yangu ni kuandika. Tangazo la saa za kufungua wakati wa mitihani, ujumbe wa kumkumbusha mwanafunzi arudishe kitabu kabla hajaleta fomu ya kliarensi (ya kuthibitisha kwamba hadaiwi), dokezo sabili (ujumbe wa ndani ya ofisi) kwa mkuu, barua kwa idara kuomba orodha ya vitabu wanavyotaka vinunuliwe, barua pepe kwa wachapishaji wa nje. Kila kimoja kina mtu upande wa pili, na unavyomwandikia ndivyo atakavyoiona maktaba nzima. Mwanafunzi aliyejibiwa kwa ukali mara moja harudi tena kaunta kuuliza.

ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoweza kukuandikia au kukuhariria maandishi, ilitolewa Novemba 2022, zikafuata Gemini ya Google, Copilot ya Microsoft, Claude ya Anthropic na nyingine. Hapa Iringa nimetumia zaidi ya moja, za bure na ya kulipia, kwa kazi hiyo moja tu: kuwaandikia watu vizuri ofisini. Sitaji ninazotumia, kwa sababu hubadilishwa kila baada ya miezi michache, na ninayoyasema hapa nimeyaona karibu kwa zote.

Kwa Kiingereza nazipa 8 kati ya 10. Kuna kipindi jarida tunalolilipia lilikataa kufunguka kwenye kompyuta zote za maktaba, na walimu walikuwa wananipigia simu kuanzia asubuhi. Niliandika barua pepe kwa mchapishaji nikiwa nimechemka. Kabla ya kuituma niliipa programu, nikaiambia: usiniandikie upya, nioneshe tu sentensi ambazo mpokeaji atazisoma kama lawama, na unioneshe taarifa anayoihitaji ambayo sijaiweka. Ilitaja sentensi mbili, zote kali kweli. Halafu ikauliza kuhusu anwani za IP za chuo (namba zinazoutambulisha mtandao wetu), tarehe tatizo lilipoanza, na maneno yanayotokea kwenye skrini. Yule mtu wa huduma kwa wateja asingeweza kufanya lolote bila hayo matatu, na ningepoteza siku kadhaa tukiulizana. Barua iliyotoka ilikuwa fupi kuliko yangu, na bado ilikuwa yangu.

Agizo hilo la "usiniandikie upya" ndilo ningemshauri kila mkutubi aanze nalo. Ukiiachia ikuandikie tangu mwanzo, inakupa barua laini isiyo na mtu ndani yake, yenye aya tatu za shukrani na ombi lenyewe limejificha katikati. Ukiitumia kama msomaji wa kwanza, inaona mambo ambayo hasira au uchovu umekuficha.

Kwa Kiswahili cha ofisini nazipa 4, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza ni saa. Niliomba tangazo kwamba wakati wa mitihani maktaba itakuwa wazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku. Kwa kuwa nilikuwa nimeandika saa hizo kwa mtindo wa ratiba ya Kiingereza, 8:00 na 22:00, nilirudishiwa tangazo safi, lenye sarufi nzuri, linalosema "saa 8 asubuhi hadi saa 10 usiku". Hakuna saa 8 asubuhi kwa mtu yeyote wa Iringa, na saa 10 usiku ni alfajiri ya baridi ambayo hata mlinzi amejifunika blanketi. Tangazo kama hilo likibandikwa mlangoni Juni, mwanafunzi anayetoka Kihesa kwa miguu atakuja kukuta milango imefungwa. Kila tangazo lenye saa nalisoma kwa sauti kabla halijatoka.

Pili ni sura ya barua yenyewe. Barua rasmi kwetu ina Kumb. Na., ina YAH:, na inaanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Mkuu wa idara akiipokea hivyo anajua ni jambo la kikazi na anajua pa kuipeleka. Programu inamwandikia "Mpendwa Profesa, natumai barua hii inakukuta ukiwa na afya njema". Hakuna ofisi ninayoijua hapa inayoandika hivyo kwa mkuu wake. Nimeipa mfano wa barua zetu za zamani na sasa inaufuata mpangilio, ila kila mazungumzo mapya inasahau na lazima niubandike tena.

Tatu ni heshima, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Tuna mzee wa zamu ya usiku ambaye hakuna anayempita mlangoni bila kumwambia kamwene, salamu ya Kihehe. Nilihitaji kumjulisha kwa ujumbe wa simu kwamba rosta imebadilika. Nikapewa: "Habari, ningependa kukujulisha kuwa ratiba yako imebadilishwa." Kwa mtu anayemzidi umri baba yangu! Nilipoieleza kwamba ni mzee, ikajaza heshima mpaka ujumbe ukawa hotuba. Nilichotuma nilikiandika mwenyewe: "Shikamoo Mzee. Wiki ijayo tunaomba uingie zamu ya jioni badala ya usiku, kwa sababu ya mitihani. Kama haitakuwa rahisi kwako niambie tupange upya." Sentensi ya mwisho haikuwemo kwenye rasimu zote mbili za programu, na ndiyo inayomwonesha kwamba tunamuuliza, hatumwamrishi.

Ujumbe wa pole siipi kabisa. Mwenzetu wa kaunta alipofiwa huko Makete, kuna aliyependekeza programu ituandikie rambirambi ya ofisi. Nilikataa. Msiba ni kwenda, kuchanga na kukaa na wafiwa. Maandishi yanayofuata yaandikwe na mtu aliyemfahamu, hata yakiwa mistari miwili yenye makosa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya niendelee kuzitumia. Wanafunzi wanaoandika tafiti huja na orodha ya makala wanazotaka tuwatafutie, na baadhi ya makala hizo hazipo duniani. Jarida lipo, mwandishi yupo, lakini ukifungua toleo lenyewe, kurasa zile ni za makala nyingine. Programu hizi hupanga maneno kwa kufuata yanayoelekea kufuatana, na marejeo yaliyopangwa vizuri si ushahidi kwamba makala ipo. Mwanafunzi hajui. Ameamini, na tarehe ya kuwasilisha kwa msimamizi imekaribia. Unamjibuje bila kumwaibisha?

Mmoja nilimwandikia hivi: "Nimezitafuta makala hizi kwenye majarida yenyewe na kwenye Google Scholar, sikuzipata. Umezitoa wapi? Njoo kaunta tutafute nyingine zenye hoja hiyohiyo." Nikaiomba programu isome kama mwanafunzi mwenye wasiwasi. Ikanionesha kwamba "umezitoa wapi" inaweza kusomeka kama tuhuma ya udanganyifu, ikapendekeza niseme kwamba kujua alikozipata kutanisaidia kutafuta. Nilikubali nikaandika: "Ukinitumia ulikozipata itanirahisishia kazi." Alikuja siku hiyohiyo, akaniambia bila woga kwamba ni programu ndiyo iliyompa, na tulikaa saa nzima kwenye katalogi na hifadhidata tukapata makala halisi za kutosha. Kwangu faida ya zana hizi iko hapo hasa: mtu aliyekuwa anajificha amekuja mezani.

Kuna mpaka mmoja sitauvuka. Jina la mwanafunzi, namba yake ya usajili na kitabu alichoazima haviingii kwenye programu hata siku moja. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na hata bila sheria, maadili ya wakutubi yaliyopitishwa na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, mwaka 2012 yanataka faragha ya msomaji ilindwe. Fikiria binti aliyeazima kitabu cha ukatili wa nyumbani au cha kuishi na VVU. Kitabu hicho ni siri yake na ya kadi yake. Nikihitaji msaada wa ujumbe wa kumkumbusha, naandika "mwanafunzi" na "kitabu", basi, majina nayajaza mwenyewe baadaye. Nimeona watu wakinakili orodha nzima ya wadaiwa kutoka kwenye Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendesha maktaba, na kuibandika ili "ipangwe vizuri". Nawasihi wenzangu waache. Koha yenyewe hutuma taarifa za kuchelewa kwa violezo unavyoviandika mara moja, na hapo ndipo programu inafaa: kukusaidia kuandika kiolezo kimoja chenye utu, kisicho na jina la mtu.

Mwenzangu wa maktaba ya chuo kimoja Mbeya anazisifia kwa mihtasari ya vikao. Anaipa vidokezo vyake, inampangia maazimio na wahusika. Nimejaribu, inafaa, mradi ulinganishe na daftari lako, kwa sababu inapenda kumkabidhi mtu jukumu ambalo kikao hakikumpa.

Kuhusu bei: toleo la kulipia nililojaribu ni dola 20 kwa mwezi, karibu shilingi 50,000, na linahitaji kadi ya kulipia mtandaoni. Kwa barua za ofisi sikuona tofauti inayostahili fedha hiyo. Kikomo cha toleo la bure hukutana nacho mara chache, na bando linalotumika ni dogo kwa kuwa ni maandishi matupu. Mwezi ulipoisha sikulipia tena.