Kichina cha vitasa: simu isiyo na laini, Pleco na AnkiDroid

Nianze na jibu kwa walio mbioni. Kama unakwenda Yiwu kununua mzigo wako mwenyewe, simu ya Android iliyotumika, yenye kamusi ya Pleco na programu ya kadi za kukariria ya AnkiDroid, inakutosha kujifunzia Kichina. Usihangaike na tableti, wala na vile vifaa vya kutafsiri vya mkononi vinavyouzwa ghali. Ila usitarajie kadi zikufundishe kuongea. Zitakufundisha kusoma karatasi, na kwenye biashara yangu karatasi ndiyo inayokula hela.

Nauza vitasa, kufuli, bawaba na makomeo, jumla na rejareja, Kariakoo. Mzigo nautoa Yiwu, mkoa wa Zhejiang, kwenye soko ambalo wengi wetu tunaliita Futian: maghorofa yaliyoungana, vibanda kama 75,000, vimegawanywa kwa kanda. Vifaa vya chuma viko kanda ya pili, jengo moja na mabegi na miavuli. Kwa muda mrefu nilizunguka na mkalimani. Mkalimani mzuri anastahili hela yake, sina neno, lakini analipwa kwa siku, na huwezi kujua kamisheni yake imekaa upande gani wa meza.

Simu niliichukua Mtaa wa Aggrey, imetumika, kioo cha inchi tano, inaingia mfuko wa shati. Haina laini. Haina WhatsApp, haina WeChat, haina matokeo ya mpira. Nikiishika kuna kitu kimoja tu cha kufanya. Nilishajaribu kusoma kadi kwenye simu yangu ya kazi, na kila baada ya kadi mbili tatu mteja anaingia: "Boss, vitasa vya milango ya aluminiamu vimefika?" Ukishamjibu huyo na kumtumia picha, umeshatoka kwenye Kichina. Kwa hiyo kama una simu ya zamani kwenye droo, yenye ufa kwenye kona, usimpe mtoto kwanza.

Kioo kidogo kina adha yake, nitaifikia. Spika ya simu ya bei nafuu nayo haifai kabisa kwa toni, yaani ule mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno la Kichina, nunua hedifoni za waya. Na kila kitu kipakue ukiwa bado nyumbani. Ukifika China, duka la programu la Google halifunguki bila njia za kuzunguka, na saa hizo unatafuta hoteli, huna akili ya kutafuta njia za kuzunguka. AnkiDroid, ambayo ni Anki ya simu za Android, unaweza pia kuitoa F-Droid, duka jingine la programu, na ni ya bure. Mwenye iPhone ajue kwamba toleo lake la Anki linalipiwa, dola 24.99, mara moja tu.

Pleco ni kamusi, na ni ya zamani kuliko simu hizi za kupapasa. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye vile vikompyuta vya mkononi vya Palm vya kuandikia kwa kijiti, na mpaka leo unaona imetengenezwa na watu waliozoea mashine ndogo: haraka, haina mapambo, inafanya kazi bila intaneti. Hilo la bila intaneti ni kubwa kwa simu isiyo na laini. Kamusi ya msingi ni bure. Unaweza kuchora herufi kwa kidole usiyoijua hata inavyosomwa, ikakuletea. Vya kulipia ni pamoja na mfumo wake wa kadi na kamera inayosoma maandishi. Kadi za Pleco sikununua, kwa sababu Pleco inakubali kuunganishwa na AnkiDroid: unaona neno, unabonyeza, linaingia kwenye fungu lako. Kamera nilinunua, na sijutii hata senti. Unaielekeza kwenye katoni, unagusa neno, maana yake hii hapa.

Upungufu wake kwetu ni kwamba maana zote ziko kwa Kiingereza, Kiswahili hamna. Mimi kadi zangu nyuma naandika Kiswahili cha dukani, kile ninachomwambia kijana wangu wa stoo. Nikiona "bawaba" naiona bawaba yenyewe, na akilini inakaa palepale zilipo bawaba nyingine zote.

Sasa AnkiDroid. Kwa asiyeijua: inakuonyesha upande mmoja wa kadi, unajaribu kukumbuka, unageuza, kisha unajihukumu kwa vitufe vinne, kuanzia umesahau hadi umekumbuka bila shida. Uliyosahau inarudi baada ya dakika, uliyokumbuka inarudi kesho, halafu baada ya siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Hesabu ya kupanga hayo ilitokana na kanuni ya SM-2, ya Mpoland Piotr Woźniak, mwaka 1987, na tangu 2023 Anki ina kanuni mpya zaidi iitwayo FSRS. Mimi nimewasha hiyo mpya, na kwa jinsi ninavyoiona inanirudishia kadi chache kwa siku bila mimi kusahau zaidi. Wajuzi watabishana. Nawaachia.

Kitu ambacho lazima ukibadilishe siku ya kwanza ni idadi ya kadi mpya. Programu inakuja ikiwa imepangwa kadi mpya 20 kwa siku. Inaonekana kidogo, lakini kila mpya ya leo inazaa marudio ya kesho na ya keshokutwa, na ukikaa bandarini wiki nzima unahangaika na mzigo, marudio yanakusubiri kama mkopo wa kausha damu. Weka tano. Ukiona unapata nafasi, sita.

Halafu lipo suala la mafungu ya kadi yaliyo tayari. Mtandaoni yamejaa, mengi yakifuata orodha za HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni. Kwa mwanafunzi wa ufadhili anayetakiwa kufaulu HSK ngazi ya 4, ile ya maneno 1,200 kwa mpangilio wa zamani, ni sawa kabisa, na kwa anayetaka mwalimu kuna Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013. Lakini mimi mfanyabiashara ngazi ya kwanza inanifundisha paka, tufaha na teksi. Bawaba siioni. Malipo ya awali siyaoni, wala kiwango cha chini cha oda, wala sampuli. Nilichukua namba, siku, salamu, maswali ya msingi, nikalitupa fungu lililobaki. Nikaanza kutengeneza kadi kutoka kwenye makaratasi yangu mwenyewe: ankara za zamani, maandishi ya katoni, kadi za biashara za vibandani. Kila neno lililowahi kunigusa mfukoni lilipata kadi.

Hapo ndipo kioo cha inchi tano kilipoanza kunitesa, na ndipo penye utamu wa jambo hili. Bidhaa zangu zote ni za chuma, na herufi za Kichina za vyuma zina sehemu ileile upande wa kushoto, 钅, inayotangaza kwamba hiki ni kitu cha madini. Chuma ni 铁, shaba 铜, alumini 铝, zinki 锌, chuma cha pua 钢, kufuli au kitasa 锁. Ziweke sita hizo kwa maandishi madogo, jioni, macho yamechoka, uone. Zote zinafanana kushoto, na wewe ulizoea kulitambua neno kwa mwanzo wake. AnkiDroid ikizileta zikiwa zimefuatana unaanza kubahatisha, na kubahatisha ni sumu kwa sababu programu inaamini unachobonyeza.

Dawa ilikuwa mbili. Kwanza, nilikuza herufi mpaka moja inajaza nusu ya kioo. Hilo linafanyika kwenye mpangilio wa kadi. Ukiwa hukohuko, ongeza Kichina kwenye orodha ya lugha za simu, hata kikiwa cha pili, la sivyo simu nyingine huchora baadhi ya herufi kwa umbo la Kijapani, na umbo hilo hutaliona Yiwu. Pili, niliacha kutengeneza kadi za neno mojamoja kwa vyuma. Kila kadi ina maneno mawili matatu kama yanavyokuja kwenye ankara, na picha ya bidhaa yangu nyuma. Macho yakaanza kwenda upande wa kulia wa herufi yenyewe, penye tofauti.

Faida yake nikupe mfano mmoja. Kibanda kimoja, kitasa cha mlango chenye rangi ya dhahabu iliyokolea, kizito kiasi. Nauliza ni cha nini. Mama wa kibanda, mchangamfu, ananijibu "tóng, tóng!" Shaba. Ukiwa na sumaku mfukoni, kama wengi wetu tulivyo, haikusaidii: sumaku inashika chuma cha kawaida, haishiki shaba wala zinki. Uzito unakudokeza, lakini kwa kitasa kimoja mkononi huna cha kulinganisha nacho. Nikaomba karatasi ya bei. Mstari wa malighafi umeandikwa 锌合金镀铜. Ya mwisho, 铜, ndiyo aliyonitajia mdomoni, lakini iliyo kabla yake, 镀, inasema shaba hiyo imechovywa juu tu. Tatu za kwanza zinasema kilichopo ndani ni aloi ya zinki. Nikaweka kidole pale. Nikasema "lǎobǎnniáng, zhè shì dùtóng." Mama bosi, hii ni ya kuchovya. Akacheka, akaivuta kalkuleta yake, akafuta bei ya kwanza, akaandika nyingine. Hakuna aliyekasirika. Kitasa chenyewe si kibaya, nilichukua, kwa bei ya zinki. Anayejenga nyumba ya kupangisha hatafuti shaba tupu.

Kadi ile ya 镀 ndiyo iliyolipa simu, hedifoni na kamera ya Pleco kwa pamoja.

Upande wa masikio, mambo ni magumu zaidi, na programu inaweza kukudanganya kwamba unajua. Kununua ni mǎi, toni ya kushuka chini kwanza. Kuuza ni mài, toni ya kuporomoka. Sisi toni hatuna, sikio letu linasikia neno lilelile. Kwa kusoma si tatizo, 卖 ya kuuza ina kikofia cha 十 juu ya 买 ya kununua. Kwa kusikia ni balaa. Kadi hizi mbili ziligeuka ruba: Anki ikiona umeisahau kadi mara nane baada ya kuwa umeishika, inaibandika jina hilo, na inaweza kuisimamisha, ili isiendelee kukunyonya muda. Nilikasirika mwanzoni, sasa nauona kuwa ni utaratibu mzuri. Ruba anakuambia kadi yenyewe ni mbovu, iandike upya. Nikazifuta, nikaweka sentensi za sauti: "nauza kwa katoni", "nanunua kumi".

Namba ndizo muhimu zaidi. Nne ni sì, kumi ni shí. Watu wengi wa kusini mwa China hiyo "sh" wanaitamka "s" tu, kwa hiyo kati ya 14 na 40 kinachokutenganisha na hasara ni toni peke yake. Sauti za kompyuta zinazokuja na simu hutamka kama msomaji wa taarifa ya habari wa Beijing, safi mno. Mimi nilimwomba dada mmoja wa ofisi ya wakala wa mizigo anirekodie namba kwa lafudhi yake, za kawaida na zile za wàn, maana kwao elfu kumi ina neno lake na hesabu nzima inahama. AnkiDroid inarekodi humohumo kwenye kadi, hakuna ufundi. Tangu hapo bei za mdomoni nazinasa, ingawa bado naomba kalkuleta. Ukiwa na hela ya watu usione aibu ya kalkuleta.

Watu wa Mombasa mna nafuu mahali pamoja: b na p za Kichina zinatofautiana kwa pumzi, kama mnavyotenganisha paa la nyumba na paa wa porini. Sisi wa bara tunajifunza kwa kushika karatasi mbele ya mdomo.

Kuongea, basi, hakukutoka kwenye kadi. Kulitoka kwenye vibanda, kwa kung'ang'ania kusema hata pale muuzaji anapokuandikia WeChat yenye tafsiri. Na wenyewe wakianza kuzungumza kwa lugha ya Yiwu, ambayo si Kimandarini, zima kila kitu, hakuna fungu la kadi litakalokusaidia. Wakati huo ndipo wanapokubaliana bei ya chini, kwa hiyo mimi huwa naangalia nyuso.

Wenzangu wa Kariakoo wameniomba fungu langu. Kutuma ni rahisi, ni faili moja, na nimewapa wengi. Ila nimetoa sauti za yule dada kwanza, kwa sababu alinirekodia mimi. Watafute wakala wao, wamnunulie chai, wamwombe taratibu ahesabu hadi laki moja.