Antivirusi ya bure kwa kompyuta ya nyumbani: ipi uweke, ipi uache

Ukinunua laptopu ya eks-UK, yaani iliyotumika Uingereza, pale Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji humalizia kwa swali lilelile: "Bosi, nikuwekee Office na antivirusi?" Hapo kuna pesa kidogo za kuongeza. Usikubali haraka. Antivirusi nzuri ya bure tayari imo ndani ya Windows, na atakayokuwekea yeye mara nyingi ni toleo la kulipia lililofunguliwa kwa kraki (ujanja wa kukwepa malipo), au la majaribio litakaloisha mwezi ujao na kuanza kukudai dola.

Nimezipanga programu hizi kwa swali moja: usipotoa shilingi, unatoa nini? Hakuna kampuni inayoajiri wataalamu wa virusi kwa sadaka. Nyingine hukutoza kwa matangazo, nyingine kwa taarifa zako, nyingine kwa kasi ya kompyuta. Uwezo wa kunasa virusi ni muhimu, ila kati ya majina makubwa tofauti imekuwa ndogo. Maabara mbili zinazoheshimika, AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huchapisha matokeo yao bila malipo. Ukiyasoma kwa mwaka mmoja tu utaona majina yaleyale yakipokezana nafasi za juu.

Ya kwanza: Microsoft Defender

Imo ndani ya Windows 10 na 11, haihitaji akaunti, haikuletei matangazo ya kununua toleo kubwa, na inajisasisha pamoja na Windows yenyewe. Kwa nyumba nyingi za Nairobi, zenye kompyuta moja ya watoto kufanyia kazi za shule na wazazi kulipia huduma za serikali kwenye eCitizen, hii inatosha.

Inatosha, lakini sharti iwe inafanya kazi, na hapo ndipo shida ilipo. Fundi akikuwekea Windows au Office ya kraki, ile programu ndogo ya kuifungua huonekana na Defender kama virusi, na mara nyingine ni virusi kweli. Basi fundi huizima Defender kwanza, au huiambia isiguse folda fulani, kisha anakukabidhi mashine yako inang'aa. Fungua Windows Security, ile alama ya ngao chini kulia, ingia kwenye sehemu ya virusi, kisha mipangilio, ushuke mpaka kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Ukikuta diski nzima ya C imeandikwa pale, umekuwa ukiishi bila antivirusi tangu siku uliponunua. Ifute. Hakikisha pia ukaguzi wa wakati wote umewashwa, pamoja na kinga inayozuia programu nyingine kubadilisha mipangilio ya Defender.

Ukiwa humo, washa na kinga ya folda dhidi ya virusi vinavyofunga faili na kudai fidia. Microsoft huiacha imezimwa. Ikiwashwa, programu isiyoaminika haiwezi kuandika kwenye folda zako za nyaraka na picha. Itakusumbua siku chache za mwanzo kwa kuzuia hata programu halali, nawe utaziruhusu moja moja. Vumilia. Picha za harusi na za watoto hazipakuliwi tena mtandaoni zikipotea.

Defender ina udhaifu wa aina mbili unaotuhusu sana sisi. Kwanza, hutegemea mno intaneti: majaribio ya AV-Comparatives yameonyesha kwa muda mrefu kwamba ikikatwa mtandaoni hunasa pungufu kuliko baadhi ya washindani wake. Kama nyumbani kwako intaneti ni bando la kununua jioni na kuisha kabla ya usingizi, hilo ni jambo la kufikiria. Microsoft hutoa kifurushi cha masasisho ya Defender unachoweza kukipakua mahali penye Waifai ya bure, ukakibeba kwa flashi mpaka nyumbani. Ni zaidi ya megabaiti 100, hivyo usikipakue kwa bando la siku. Pili, kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 yenye diski ya zamani ya kuzunguka, ukaguzi wake unaweza kuifanya mashine ikokote miguu. Dawa yake, kama unaweza, ni kubadilisha diski kuwa SSD, ile ya kasi isiyozunguka, kabla ya kubadilisha antivirusi.

Ya pili: Bitdefender, toleo la bure

Inatoka Bucharest, Romania, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zinazofanya vizuri kwenye maabara zote mbili. Hii ndiyo ningempa mtu ambaye kompyuta yake hukaa bila mtandao kwa siku nyingi halafu inapokea flashi za kila mtu. Ni kimya na ina mipangilio michache, kwa hiyo haimchanganyi mzee. Utakachotoa ni anwani ya barua pepe, kwani lazima ufungue akaunti, na utakumbushwa mara moja moja kwamba kuna toleo la kulipia. Haina ngome ya mtandao, yaani kinga inayochuja kinachoingia na kutoka mtandaoni. Utabaki na ile ya Windows, na hakuna ubaya.

Ukiiweka, Defender itajizima yenyewe. Ndivyo inavyotakiwa. Antivirusi mbili zikikagua faili moja kwa wakati mmoja hugombana, na anayeumia ni wewe unayesubiri folda ifunguke.

Ya tatu: Kaspersky, toleo la bure

Kwa uwezo tu ingeshindana na ya kwanza. Suala ni siasa: ni kampuni ya Kirusi, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake nchini humo na masasisho kwa wateja wa huko, kwa sababu za usalama wa taifa. Zuio hilo ni la Marekani, na mtu wa Donholm anaweza kuona kwamba ugomvi wa mataifa makubwa haumhusu. Hata hivyo, antivirusi ndiyo programu yenye mamlaka makubwa kuliko zote ndani ya kompyuta. Inasoma kila kitu. Kama unafanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa Marekani, waulize kwanza.

Ya nne: Avast na AVG

Hizi ndizo majina yanayojulikana zaidi kwenye saiba zetu, na ndizo ninazozishusha makusudi. Avast iliinunua AVG mwaka 2016, kwa hiyo ukichagua kati yake unachagua rangi tu. Leo zote mbili, pamoja na Avira na Norton, ziko chini ya kampuni moja iitwayo Gen Digital. Kunasa virusi wanajua. Lakini mwezi Februari 2024, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kukusanya historia ya tovuti ambazo wateja walitembelea na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020. Watu waliweka programu hiyo ili wasichunguzwe, na yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwachunguza.

Ukiongeza madirisha yanayojitokeza kila mara kukuambia kompyuta yako "ina matatizo" ambayo yanatatuliwa kwa kulipa, sioni sababu ya kuiweka wakati Defender ipo. Kama tayari unayo na umeizoea, ingia kwenye mipangilio ya faragha, uondoe alama kwenye kila kisanduku cha kushiriki taarifa zako.

Malwarebytes: msaidizi, haichukui nafasi ya kwanza

Toleo lake la bure halilindi mlango muda wote. Linakagua pale unapolituma. Ukiliweka linaanza na majaribio ya siku 14 ya toleo la kulipia, kisha linarudi kuwa la bure. Kazi yake nzuri ni kusafisha yale makorokoro yanayobadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari na kumwaga matangazo. Mashine ikianza vituko, litumie likague, kisha endelea na Defender yako. Basi.

Ngome ya mtandao, ile mafundi huita faya-woli

Windows imekuwa ikiwasha ngome yake yenyewe tangu mwaka 2004, toleo la XP lilipopata kifurushi cha pili cha masasisho. Huzuia wageni wasioalikwa kuingia, na huacha programu zako zitoke zitakavyo. Kwa mtu wa kawaida hiyo inatosha, lakini kuna swali moja ambalo Windows huuliza na wengi hubonyeza bila kusoma: mtandao huu ni wa faragha au wa umma?

Mtaani kwetu swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Katika ploti nyingi za Roysambu, Pipeline au Umoja, Waifai ni ya mtu mmoja aliyevuta nyaya ghorofa zote na kuwauzia wapangaji kwa wiki. Mara nyingi inakuwa mko kwenye mtandao mmoja na mpangaji wa chumba cha pili, yule wa chini, na rafiki yao aliyepewa nywila jana. Ukiuita mtandao huo wa faragha, unaziruhusu kompyuta za majirani kuiona yako. Chagua wa umma, hata ukiwa kitandani kwako. Wa faragha uuache kwa anayemiliki ruta yake mwenyewe na ameshabadilisha nywila iliyokuja nayo.

Anayetaka zaidi, namba moja kwangu ni TinyWall. Ni ndogo mno, haina matangazo, na inaitumia ngome ya Windows iliyopo badala ya kuleta nyingine. Inazuia kila programu isitoke kwenda mtandaoni mpaka uiruhusu, bila kukurushia maswali. Kwa wanaoishi kwa bando ina faida ambayo wazungu walioitengeneza huenda hawakuifikiria sana: programu zinazopakua vitu kimyakimya usiku hazitakula gigabaiti zako. Siku ya kwanza utaruhusu kivinjari, Zoom na WhatsApp, kisha utasahau kwamba ipo.

GlassWire inafuata kwa anayetaka kuona kwa macho ni programu gani inakula bando. Michoro yake inaeleweka hata na mtoto. Comodo ina nguvu kuliko zote hizi, na ndiyo sababu nimeiweka mwisho. Inauliza maswali mengi, na mtu akishaulizwa sana huanza kubonyeza "ruhusu" bila kusoma. Ngome ya namna hiyo haina kazi tena. Wakati wa kuiweka, soma kila kisanduku kabla ya kuendelea.

Yasiyotibiwa na antivirusi yoyote

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake itaendelea kupokea orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi kwa orodha hizo. Kumbuka WannaCry, kirusi cha kufunga faili na kudai fidia cha Mei 2017: Microsoft ilikuwa imetoa kiraka miezi miwili kabla, mwezi Machi, na kompyuta nyingi zilizoumia ni ambazo hazikuwekewa. Kwa matumizi ya nyumbani kuna mpango wa nyongeza wa masasisho hadi tarehe 13 Oktoba 2026, bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako kwake, la sivyo dola 30. Hili liangalie hata kabla ya kununua. HP EliteBook 840 G3, inayopendwa sana madukani kwa bei yake, ina prosesa ya kizazi cha 6, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 cha Intel kwenda juu. G5 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inafikia. Ongeza pesa kidogo ukiweza.

Flashi ya saiba nayo ina mambo yake. Ukitoka kuchapisha unakuta folda zote zimegeuka vialama vya njia za mkato. Antivirusi itafuta mdudu, lakini faili zako zitabaki zimefichwa na utadhani zimepotea. Hazijapotea. Fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Usimlipe mtu "kurudisha" kitu ambacho hakikuondoka.

Halafu Juni, msimu wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Fomu ya Excel ya kuwasilisha ritani za kodi hutaka uruhusu makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili, ili kitufe cha kuhakiki kifanye kazi. Tangu 2022 Office huzuia makro za faili zilizotoka mtandaoni, basi watu wamefundishwa jinsi ya kuzifungulia. Walaghai wanajua. Fomu ichukue ndani ya iTax, tovuti ya KRA, tu, baada ya kuingia kwa PIN yako. Ikija kwa barua pepe, hata ikiwa na nembo ya serikali, usiifungulie makro.

Ukishamaliza kupanga kila kitu, ijaribu. Kuna faili iitwayo EICAR, mstari wa herufi 68 usio na madhara yoyote, uliotengenezwa ili antivirusi zote zijifanye zimeona virusi. Ipakue kutoka eicar.org. Antivirusi yako ikipiga kelele papo hapo, iko kazini. Ikikaa kimya, ipo ya jina tu. Angalia upya fundi alizima nini.